Kabla hujauza kinanda cha zamani ununue laptopu

Mavuno yakishauzwa na fedha kuingia mifukoni, harusi huongezeka mijini na vijijini, na hapo ndipo wapiga kinanda wengi hupata sehemu nzuri ya kipato chao cha mwaka. Kwao kinanda ni mtaji, kama cherehani ilivyo kwa fundi nguo au pampu ya maji kwa mkulima wa mboga. Kikizimika, kazi imesimama.

Mtaji huo sasa una mshindani. Laptopu ya kawaida, ikiwekewa programu za sauti, inaweza kutoa mlio wa piano, ogani, fidla, tarumbeta na hata zile sauti za ajabu za sinthesaiza, yaani mtambo unaounda sauti kwa umeme badala ya nyuzi au pumzi. Kijana mwenye laptopu iliyotumika anaweza leo kuwa na sauti ambazo miaka ya 1990 zingemlazimu kununua vinanda vinne au vitano. Ndiyo maana wapo wanaoshawishika kuuza kinanda chao cha zamani ili waongezee fedha ya laptopu.

Kwa mtu anayeishi kwa kinanda, uamuzi huo unahitaji hesabu. Kwamba laptopu inatoa sauti nzuri halina ubishi. Linalobaki ni nani atakayebeba hasara usiku itakapogoma mbele ya wageni mia tatu, bibi harusi akiwa mlangoni.

Jambo la kwanza linalomsaidia mnunuzi ni la zamani kidogo. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland Jupiter-6. Kimoja kilipopigwa, cha pili kikaitika. Makampuni hayo yalikuwa washindani, lakini yalikubaliana lugha moja ya kuwasiliana kwa vyombo, inayoitwa MIDI. Lugha hiyo haipitishi sauti. Inapitisha amri tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini.

Kwa mfanyabiashara mdogo, makubaliano hayo yana thamani hadi leo. Kinanda kilichotengenezwa miaka ya 1990, chenye matundu ya duara ya pini tano mgongoni, kinaweza kuongoza programu iliyotoka mwaka jana. Kinachohitajika ni waya wa kuunganisha MIDI na tundu la USB la kompyuta. Vinanda vingi vya baadaye vina tundu la USB chenyewe, na hapo waya wa kawaida wa printa hutosha.

Hivyo basi, anayemiliki kinanda cha zamani tayari ana nusu ya mtambo mpya. Kinanda hicho kitakuwa mikono ya laptopu, na laptopu ikikwama kitaendelea kutoa sauti zake chenyewe. Anayekiuza hupoteza vyote viwili kwa mara moja.

Chukua mfano wa mpiga kinanda wa Tanzania anayepanga hivi: laptopu iliyotumika sh 800,000, kadi ya sauti ya nje sh 300,000, kisanduku cha DI sh 80,000, betri ya akiba ya umeme, yaani UPS, sh 200,000, na waya pamoja na stendi sh 120,000. Jumla ni sh 1,500,000. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, kwani bei hutofautiana kati ya mji na mji. Ikiwa kila harusi inamwachia sh 60,000 baada ya nauli na chakula, atahitaji harusi 25 kurudisha fedha yake. Akicheza mbili kwa wiki, ni zaidi ya wiki 12, yaani karibu msimu mzima.

Sasa anajitokeza mtu wa kununua kinanda chake kwa sh 400,000. Inavutia, maana deni linashuka hadi sh 1,100,000. Lakini bila kinanda hana cha kubonyeza, na kibodi tupu ya kuongozea programu, isiyo na sauti yoyote ndani yake, itamgharimu tuseme sh 350,000. Aliyedhani amepata laki nne amebakiwa na elfu hamsini, tena hana chombo cha akiba. Biashara ya namna hiyo hata muuza nyanya asingeikubali.

Kuna hali moja ambayo kibodi mpya ni lazima. Baadhi ya vinanda vya bei nafuu havipimi nguvu ya kidole. Ubonyeze kwa upole au kwa kishindo, sauti ni ileile. Kinanda cha aina hiyo kikiongoza programu ya piano, piano italia kama kengele ya shule. Kabla ya yote, mnunuzi akiguse chake taratibu kisha kwa nguvu, asikilize tofauti. Kama haipo, hicho kibaki cha akiba pekee.

Sauti inayochelewa

Malalamiko ya kwanza ya wanaohamia laptopu huwa ni kwamba kidole kinabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye. Wengi hudhani laptopu yao ni mbovu. Mara nyingi tatizo liko kwingine.

Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Huyakusanya matone katika kapu, kapu likijaa ndipo humwagwa kuelekea kwenye spika. Kapu likiwa dogo sauti hutoka haraka, lakini kompyuta hutoka jasho kwa kujaza na kumwaga bila kupumzika, na ikishindwa sauti hukatika-katika kama redio iliyopoteza masafa. Kapu likiwa kubwa kompyuta hupumua, lakini mpigaji anasubiri.

Ukubwa wa kapu hilo huchaguliwa kwenye mipangilio ya programu. Kwa kiwango cha kawaida cha sampuli 44,100 kwa sekunde, kapu la sampuli 128 huleta ucheleweshaji wa karibu milisekunde 3. La 256 ni karibu milisekunde 6. La 1,024 linafika milisekunde 23, na hapo mpigaji wa nyimbo za haraka ataanza kugombana na mpiga ngoma. Kadi ya sauti na waya wa USB huongeza milisekunde chache nyingine. Kwa kulinganisha, sauti ikisafiri hewani hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita moja. Mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwenye spika yake anaisikia kwa kuchelewa kama kwa kapu la 256, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa hiyo 128 au 256 inatosha jukwaani, na kukimbilia 32 ni kuitesa kompyuta bila faida.

Ili kapu dogo liwezekane kwenye kompyuta ya Windows, inahitajika draiva ya ASIO, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, ambayo ndiyo pia iliyoleta mfumo wa programu za sauti za VST mwaka 1996. Kadi nzuri ya sauti ya nje huja na draiva yake. Asiye na kadi anaweza kuanza na programu ya bure iitwayo ASIO4ALL, akatumia tundu la hedifoni la laptopu. Inafaa kwa mazoezi nyumbani. Kwa ukumbi wa watu mia tatu, tundu lile ni jembamba, waya wake huchomoka kwa urahisi na mara nyingi huingiza mvumo. Kompyuta za Apple zina utaratibu wao wa sauti ndani na hazihitaji ASIO, jambo linalopunguza usumbufu, ingawa bei yake huwatoa wengi katika mazungumzo haya.

Kinyume na inavyodhaniwa, adui mkubwa wa sauti safi mara nyingi si udogo wa kompyuta bali ni kazi nyingine inazofanya kimyakimya. Mtandao wa Wi-Fi, Bluetooth, programu ya kukinga virusi inayopekua mafaili, na masasisho ya Windows yanayoamua kujipakua katikati ya kiitikio. Laptopu ya jukwaani izimiwe mtandao wote kabla ya kupanda, iwekwe katika hali ya nguvu kamili badala ya kubana matumizi, na izuiwe isijizime skrini wala kulala. Programu ya bure ya LatencyMon huonyesha ni draiva gani inayoiba muda. Mara kadhaa laptopu iliyodhaniwa ni mzigo imepona baada ya kuzimwa Wi-Fi tu.

Umeme ndio mtihani

Maduka ya mitumba ya elektroniki huuza laptopu kwa kutaja ukubwa wa kumbukumbu na kasi. Mara chache muuzaji atazungumzia umeme, na kwenye kumbi nyingi umeme ndio unaoamua nani arudishe malipo ya awali.

Hapa laptopu ina sifa moja ambayo kinanda hakina: betri. Umeme ukikatika na jenereta kuchukua dakika mbili kuwaka, laptopu inaendelea kama kawaida, pamoja na kadi ya sauti inayokula umeme kupitia USB. Kinanda kinachochomekwa ukutani bila UPS huzimika, na kikirudi huanza upya na sauti yake ya kwanza, si ile iliyokuwa inapigwa. Lakini sifa hiyo ni ya laptopu yenye betri nzima. Iliyotumika yenye betri iliyokufa ni sawa na kinanda kisicho na akiba, ila inachukua muda mrefu zaidi kurudi. UPS ndogo, kwa hiyo, ni ya kinanda na chaja pamoja.

Tatizo la pili ni mvumo. Laptopu ikiwa kwenye chaja na kuunganishwa na mikisa, spika huanza kuvuma au kutoa mlio mwembamba kama wa mbu. Chaja ikichomolewa, mlio unatoweka. Hiyo ni dalili ya mkondo unaozunguka kupitia waya za ethi za vifaa viwili. Wapo mafundi wanaotibu kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Hilo ni kosa la kuua mtu, hasa kwenye jukwaa la nje lenye nyasi mbichi na mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma. Tiba ni kisanduku cha DI chenye swichi ya kutenganisha ethi upande wa sauti. Ni kifaa kidogo kisicho na mbwembwe, na ndicho ambacho wanunuzi wengi hukisahau.

Kuhusu laptopu yenyewe, anayenunua iliyotumika aangalie kwanza aina ya diski. Diski ya zamani inayozunguka ni mzigo kwa programu za piano zilizorekodiwa, ambazo baadhi hushika makumi ya gigabaiti na huvuta sauti kutoka kwenye diski wakati mtu anapiga. Diski ya SSD ni lazima. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia, 16 ni raha. Ajue pia kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kwa kompyuta za Intel, Windows 11 kwa jumla inahitaji prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Laptopu ya zamani zaidi bado itapiga muziki, hasa ikikaa nje ya mtandao, lakini bei yake ishuke kulingana na hali hiyo. Muuzaji asiyetaka kulisikia hilo aachwe na bidhaa yake.

Asiye na laptopu kubwa ana njia nyingine. Pianoteq, programu ya kampuni ya Modartt ya Ufaransa iliyotoka mwaka 2006, haitumii rekodi za piano. Hukokotoa mlio kwa hesabu, hivyo hushika makumi ya megabaiti tu badala ya gigabaiti. Si ya bure, lakini inaokoa fedha ya kununua kompyuta kubwa. Zipo pia za bure kabisa na halali: Dexed, inayoiga kinanda maarufu cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, na Surge XT, sinthesaiza kamili ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kwa kuwepo hizo, hakuna sababu ya kununua flashi yenye programu zilizovunjwa kufuli. Mbali na suala la sheria, programu hizo mara nyingi huja na virusi, na hugoma siku isiyotarajiwa. Hata za halali zina mtego wake, kwani baadhi hutaka kuhakikiwa kwenye intaneti kila baada ya muda. Mwenye nazo azifungue siku moja kabla ya shughuli, intaneti ikiwa imezimwa, aone kama zinakubali.

Juu ya programu za sauti huhitajika moja ya kuzipanga kwa mfuatano wa nyimbo, ili kubadili kutoka ogani kwenda fidla kuwe ni kubonyeza kitufe kimoja. Kwenye kompyuta za Apple wengi hutumia MainStage, iliyoanza mwaka 2007. Kwenye Windows kuna Cantabile, ambayo ina toleo dogo la bure, na Gig Performer inayofanya kazi kote kuwili. Kanuni katika zote ni ileile: sauti zote za usiku huo zipakiwe kwenye kumbukumbu kabla ya kuanza, isije wimbo wa tatu ukasubiri diski.

Pamoja na hayo, wapo ambao laptopu haiwafai. Mpigaji wa peke yake, anayetegemea midundo iliyomo ndani ya kinanda kumfuata kila anapobadili kodi kwa mkono wa kushoto, akae na kinanda chake. Kazi hiyo vinanda vyenye midundo huifanya vizuri na kwa haraka, na kuiiga kwenye laptopu ni safari ndefu. Laptopu humfaa zaidi anayepiga ndani ya bendi au kwaya, ambako ngoma na gitaa zipo na kinachotakiwa ni piano, ogani na nyuzi zenye mlio wa kweli.

Kundi jingine la kuwa na tahadhari ni wapigaji wa taarab. Nyimbo zinazofuata mizani ya Kiarabu, kama Rast, zina noti zinazokaa kati ya funguo mbili za kinanda. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Uarabuni, mathalani Yamaha PSR-A3000, vina vitufe vya kushusha noti kwa robo toni papo hapo. Katika laptopu kila programu ina tabia yake. Surge XT inakubali mafaili ya mizani za namna hiyo, nyingine hukubali kwa kuzunguka, nyingine hazikubali kabisa. Mpigaji wa Unguja au Mombasa asidanganywe na uzuri wa mlio dukani. Aombe kupigiwa Rast. Muuzaji akibaki kumtazama, jibu limepatikana.

Na si lazima kuona kinanda na kompyuta kama mahasimu. Korg Kronos, kinanda ghali kilichoanza kuuzwa mwaka 2011 na kupendwa na wapigaji wa majukwaa makubwa, ndani yake kilikuwa kompyuta yenye prosesa ya Intel na mfumo wa Linux. Tofauti ni kwamba kiwandani walishafanya kazi ya kuzima kila kisichohusika na muziki. Mwenye laptopu analazimika kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Jaribio la kweli hufanywa nyumbani, si ukumbini. Mtambo mzima ufungwe kama utakavyokuwa jukwaani, upigwe saa tatu mfululizo, chumba kikiwa na joto, kwa sababu laptopu ikipata joto hupunguza kasi yake ili isiungue, na mikwaruzo ambayo haikusikika dakika ya kumi husikika saa ya pili. Katikati ya jaribio, mtu achomoe chaja ghafla. Mwingine avute waya wa USB, ili ijulikane ukirudishwa sauti inarudi yenyewe au programu inataka kufunguliwa upya, na kwa dakika ngapi. Baada ya hapo waya huo ufungwe kwa gundi ya karatasi kwenye stendi. Kwenye harusi watoto na wanaokuja kutunza hupita karibu sana na miguu ya mpigaji.

Usiku wa shughuli, kinanda cha zamani kiunganishwe na mikisa kwa waya wake chenyewe, kwenye chaneli yake, sauti ikiwa imeshushwa hadi chini na piano ikiwa imechaguliwa tayari. Fundi mitambo aonyeshwe chaneli hiyo kabla wageni hawajaingia, na wakubaliane ishara ya mkono.